Siku Moja Mumbai, Mji Uliotwaliwa Baharini

Katika ukurasa huu wa Nchi Jirani mmezoea kusoma habari za Uganda, Tanzania, Ethiopia na Sudan Kusini, nchi ambazo mtu aweza kuziendea kwa miguu akiwa na subira. Mimi nataka kuwapa habari za mji ulio mbali nasi maili za bahari kama 2,400, nao ni Mumbai, ambao wazee wetu wanauita Bombay mpaka leo. Msicheke. Mtu wa pwani jirani yake ni yule aliye ng'ambo ya maji. Tangu kale pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka India baina ya Desemba na Machi, na kusi ikayarudisha kwao yakiwa na pembe, boriti na karafuu. Gari, pesa, gunia, bima, chapati: yote hayo ni maneno yaliyopanda chombo upande ule yakashukia kwetu. Fedha yenyewe iliyotumika katika Kenya na Uganda ilikuwa rupia hadi 1920, na Unguja walikuwa na rupia yao mpaka 1936. Kwa hiyo namhesabu Mhindi wa Mumbai kuwa jirani, na mhariri amekubali.

Nalikwenda huko katika likizo ya mwisho wa mwaka. Mjomba wangu ni mpishi katika meli kubwa ya watalii, na ilipopita Mombasa mwanzo wa Desemba palikuwa na nafasi ya jamaa mmoja wa wafanyakazi kwa nauli ndogo, kwenda na kurudi. Nalipata ruhusa ya kuingia India, nikapata na cheti cha sindano ya homa ya manjano, ambacho bila hicho mtu atokaye kwetu hashuki. Tulikwenda siku sita, kaskazi ikitupiga usoni muda wote. Jahazi lisingaliweza safari ile majira yale. Meli ya injini haiombi ruhusa kwa upepo.

Yapasa mjue kwamba msafiri wa meli ya namna hii hapewi mji, huonjeshwa tu. Tulifunga gati alfajiri, na ilani iliyobandikwa mlangoni ilisema kila mtu awe amerudi saa kumi na moja jioni, na meli itang'oa saa kumi na mbili. Asiyerudi huachwa, akajitafutie njia.

Mjomba hakupata nafasi ya kushuka, kwa sababu ya chakula cha mchana. Walakini alikuwako mwokaji mikate wa meli, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Mumbai. Mabaharia wote humwita Bhai, maana yake ndugu, nami nitamwita hivyo hivyo. Mwokaji hufanya kazi usiku, mchana hulala. Siku ile hakulala. Alikuwa na miezi saba baharini, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miwili. Mama yake alikuwa akimngoja nyumbani kwa ajili ya saa zile chache. Mjomba akaniita pembeni akaniambia, "Mjomba, fuatana na Bhai, wala usimwache hata hatua moja. Akisimama, simama. Akikimbia, kimbia." Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Basi yote niliyoyaona niliyaona nikiwa nyuma ya mtu mwenye haraka.

Kabla hatujashuka, nieleze mahali tulipofunga. Bandari ya zamani ya Mumbai iko upande wa mashariki wa mji, nayo inatazama ghuba kubwa iliyokingwa na upepo wa bahari kuu. Huko maji hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita tano. Meli iliyofungwa gatini wakati maji yamejaa ingekwama topeni yakipwa. Kwa hiyo Waingereza walichimba magudi, yaani mabwawa ya meli yenye malango. Meli huingia maji yakiwa mengi, lango likafungwa nyuma yake, na maji ya ndani hubaki juu hata nje yakikauka. La kwanza, Sassoon Dock, lilifunguliwa 1875, na siku hizi ni la samaki. Prince's Dock likafuata 1880, na lile kubwa kupita yote, ambalo sasa laitwa Indira Dock, likamalizika 1914. Meli za watalii hufunga nje ya lango lake, penye gati ya Ballard Pier, ambapo maji ni ya kutosha.

Juu ya sitaha nikaona winchi nyingi sana, lakini zilikuwa ng'ambo ya ghuba. Bhai akaniambia kwamba ile ni bandari mpya ya Nhava Sheva, iliyofunguliwa 1989 kwa sababu mji wa zamani haukuwa tena na mahali pa kuweka makontena wala njia za kuyatoa. Makontena karibu yote sasa huenda kule. Bandari ya zamani imebaki na mafuta, chuma, magari, na sisi watalii.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mji huu ulipoanza, sehemu kubwa ya ardhi yake haikuwapo. Mahali pale palikuwa na visiwa saba, Colaba, Kisiwa cha Bibi Kizee, Bombay, Mazagaon, Parel, Worli na Mahim, na baina yake matope na mikoko ambayo bahari iliifunika kila siku mara mbili. Waliokaa humo walikuwa hasa wavuvi waitwao Wakoli, na jina Mumbai latokana na mungu wao wa kike, Mumbadevi. Wareno walivipata visiwa hivyo 1534 kwa mkataba na Sultani wa Gujarat. Mwaka 1661 mfalme wa Uingereza, Charles wa Pili, alipokubaliana kumwoa binti wa mfalme wa Ureno, visiwa vikatolewa pamoja na mahari. Charles hakuona faida yake, na 1668 akaikodisha Kampuni ya Mashariki ya India kwa pauni kumi kwa mwaka. Pauni kumi! Nadhani leo hazinunui hata kigae kimoja cha sakafu katika mji ule.

Kampuni ilikuwa na bandari nzuri lakini haikuwa na nchi. Ndipo ikaanza kazi ya kuziba. Katika miaka ya 1780 ukajengwa ukuta mkubwa wa mawe baina ya Bombay na Worli, uitwao Hornby Vellard, ili bahari isipite tena katikati. Vilima vikabomolewa na udongo wake ukatupwa kwenye madimbwi. Mwaka 1845 barabara ya Mahim ikamalizika, na visiwa saba vikawa kisiwa kimoja kirefu na chembamba, kama kidole kilichonyoshwa baharini. Kila mtaa nitakaoutaja hapa, jiulizeni kama zamani ulikuwa nchi au maji.

Tukatoka lango la bandari saa mbili u nusu baada ya kupigiwa mihuri. Bhai akanionyesha kwa kidole upande wa kaskazi, akasema neno moja tu, "Fort Stikine." Habari yake nilikuwa nimekwisha isoma. Tarehe 14 Aprili 1944, wakati wa vita, meli ya jina hilo ilikuwa ndani ya Victoria Dock ikiwa na marobota ya pamba pamoja na tani kama 1,400 za baruti na makombora, tena vipande vya dhahabu. Pamba ikashika moto. Wazima moto wakamwaga maji, kisha meli ikalipuka mara mbili. Mamia ya watu walikufa, wazima moto wengi wakiwa miongoni mwao, na kila mwaka tarehe hiyo India nzima huwakumbuka wazima moto wake. Dhahabu ilitawanyika, na miaka mingi baadaye vipande vyake vilikuwa vikiokotwa topeni. Pamba na baruti katika meli moja: hata mtoto wa darasa la nne angaliuliza.

Kutoka hapo mpaka stesheni kuu si mbali. Jengo hili lilikamilika 1888 likaitwa Victoria Terminus, kazi ya mchoraji F. W. Stevens, siku hizi jina lake ni Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, na tangu 2004 limo katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni aweza kulidhania kanisa kuu au jumba la mfalme, kwa kuba, minara na wanyama wa mawe. Kisha anaona umati unatoka mlangoni kama maji yatokayo kwenye mfereji, naye anajua ni stesheni. Treni ya kwanza ya abiria katika India iliondoka karibu na hapo tarehe 16 Aprili 1853, ikaenda Thane, kilometa 34. Reli ilileta pamba kutoka bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoifungia Uingereza pamba, tangu 1861 hata 1865, bei ya pamba ya Bombay ilipanda mno na fedha ikamiminika. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa, na mji uliokuwa mwisho wa njia ukawa mlango wa India kwa meli zote zitokazo Ulaya.

Mtaa unaofuata waitwa Fort, yaani ngome, lakini mgeni atautafuta ukuta wa ngome asiuone. Ulibomolewa katika miaka ya 1860 kwa amri ya gavana Sir Bartle Frere, kwa kuwa mji ulikuwa umejazana ndani yake. Nalipofika penye chemchemi ya mawe iitwayo Flora Fountain, iliyojengwa 1864 mahali pa lango moja la ngome ile, nilimwomba Bhai anipe dakika mbili. Alitazama saa yake, akanipa.

Sababu yangu ni hii. Frere huyo ndiye aliyetumwa Unguja 1873 kumtaka Sultani Barghash aifunge biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Juni, yeye akiwa amekwisha ondoka. Na ndiye ambaye jina lake liko Mombasa mpaka leo, Frere Town, penye kengele, kijiji cha waliokombolewa kilichoanzishwa na misioni mnamo 1875. Wazee wa kwanza wa kijiji kile hawakutoka bara yetu moja kwa moja. Walikuwa Waafrika waliotekwa wakiwa watoto, manowari za Kiingereza zikawatoa katika majahazi ya watumwa na kuwapeleka Bombay. Wakasoma katika shule ya misioni huko Nasik, bara ya mji huu, wakajifunza uhunzi, useremala na kusoma. Waliporudi Mombasa waliitwa Wabombay. Wengine katika shule yetu ni vitukuu vyao.

Tena wako Chuma na Susi. Mwaka 1864 Livingstone alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay katika mashua yake ndogo ya moshi, Lady Nyassa, aliyotaka kuiuza. Pamoja naye walikuwamo vijana Chuma na Wikatani, aliowaweka katika shule ya misioni, na Susi na Amoda, waliobaki kufanya kazi katika bandari. Alikuja kuwachukua mwaka uliofuata, na mwanzo wa 1866 wakarudi Afrika. Chuma na Susi ndio walioongoza msafara uliochukua maiti ya Livingstone kutoka Chitambo hata Bagamoyo, 1873 na 1874. Tulisoma habari hiyo katika kidato cha kwanza, lakini hakuna aliyetuambia kwamba Susi alikuwa kwanza mchukuzi wa bandari ya Bombay. Nilipita katika bandari hiyo asubuhi ile nikiwa na kadi ya mtalii shingoni.

Dakika zangu mbili zilikwisha, tukaenda stesheni ya pili, Churchgate. Saa ilikuwa tano na robo, na hapo niliona jambo ambalo lingetosha safari nzima. Treni iliingia, wakashuka wanaume waliovaa kofia nyeupe, kila mmoja na ubao mrefu kichwani uliojaa vyombo vya chakula vya bati, thelathini na zaidi. Hawa ndio dabbawala, wachukuzi wa vyakula. Kazi yao ilianzishwa 1890 na Mahadeo Havaji Bachche, nayo ni hivi. Mtu wa Mumbai huondoka nyumbani alfajiri, kabla chakula hakijaiva, na treni imejaa hata hawezi kushika kitu. Basi baadaye mchukuzi huja nyumbani kwa baiskeli, huchukua chombo kilichopikwa na mama au mke, hukipeleka stesheni; hapo vyombo hupangwa upya kwa kufuata mtaa viendako, hupanda treni, hushukia stesheni fulani, hupangwa tena, na mchukuzi mwingine hukifikisha mezani kwa mwenyewe saa ya chakula. Alasiri vyombo vitupu hurudi kwa njia ile ile. Juu ya kifuniko hakuna jina wala anwani, bali alama za rangi, herufi na tarakimu chache: stesheni kilikotoka, stesheni kiendako, jumba, na ghorofa. Wengi wao hawakusoma sana, lakini alama hizo wanazisoma wakikimbia. Kabla ya 2020 walikuwa watu kama 5,000 wakichukua vyombo kama 200,000 kila siku. Tangu ugonjwa wa korona wamepungua sana, kwa sababu wenye ofisi wengi walizoea kufanya kazi nyumbani na wengine huagiza chakula kwa simu. Nalimwuliza Bhai kama mama yake aliwahi kumpelekea chombo namna hiyo. Akasema kwamba alipokuwa mwanafunzi wa uokaji, kila siku kwa miaka miwili.

Treni za Mumbai huchukua watu zaidi ya milioni saba kwa siku. Asubuhi umati hutoka kaskazini kuja kusini penye ofisi, na jioni hurudi. Sisi tulikwenda kinyume cha umati, ndiyo maana tulipata mahali pa kusimama. Milango ya mabehewa mengi haifungwi. Vijana hujining'iniza nje, hupunga upepo, na katika mwaka 2023 watu zaidi ya 2,000 walikufa katika reli za mji ule, kwa kuanguka au kwa kuvuka njia. Bhai alinishika ukosi wa shati mpaka tuliposhuka Mahalaxmi.

Juu ya daraja la stesheni hiyo mtu huliona Dhobi Ghat, mahali pa madobi, tangu 1890: safu za mabirika ya saruji, na wanaume wamesimama ndani ya maji wakipiga nguo juu ya mawe. Nyuma yao majumba marefu ya vioo, na baina ya majumba dohani za matofali zisizotoa moshi. Hivyo vilikuwa viwanda vya pamba. Mwaka 1982 wafanyakazi wake zaidi ya 200,000 waligoma wakitaka mishahara bora, na mgomo ule haukufungwa kwa mapatano mpaka leo. Viwanda vingi havikufunguliwa tena, na viwanja vyake vikauzwa kwa wajenzi. Katika mji ambao kila shubiri ya ardhi ilitolewa baharini kwa kazi, kiwanja kina thamani kuliko mashine iliyo juu yake.

Tukapanda teksi, tukapita juu ya ule ukuta wa Hornby. Sasa ni barabara kubwa, huwezi kutambua kitu. Upande wa bahari uko msikiti wenye kaburi la Haji Ali, umejengwa juu ya mwamba mbali na ufuko, na njia yake ni ukanda mwembamba wa mawe. Maji yakijaa njia hufunikwa, na aliye ndani hungoja yapwe. Huo ndio mfano wa jinsi Mumbai yote ilivyokuwa.

Worli Koliwada, kijiji cha Wakoli, kiko kwenye ncha ya iliyokuwa kisiwa cha Worli. Vichochoro ni vyembamba kama vya Mji wa Kale wa Mombasa, na harufu ni ile ile ya kwetu. Juu ya fito za mianzi walianikwa samaki weupe walaini waitwao bombil, wawili wawili, taya la mmoja limeumanishwa na la mwenziwe, maelfu. Mama yake Bhai alikuwa amesimama kichochoroni, amerudi sokoni, maana yeye ni mchuuzi wa samaki. Hakusema neno. Alimshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kama mtu anayekagua bidhaa, kisha akasema kitu kwa Kimarathi ambacho Bhai alikataa kunifasiria. Nami nikamwamkia kwa kuinama, nikamwita Aai, yaani mama, kama nilivyofundishwa. Tulikula bhakri, chapati nene za unga wa mchele, kwa mchuzi mwekundu wa samaki. Pilipili yake sitaisahau.

Baba na kaka yake Bhai walikuwa baharini. Kuanzia Juni hata mwisho wa Julai serikali hukataza uvuvi, kwa sababu ya msimu wa mvua na mazalio ya samaki. Ukiisha, Wakoli hutupa nazi baharini na kutia vyombo majini. Siku hizi kuna kizuizi kingine. Mbele ya kijiji limepita daraja kubwa la Bandra na Worli, lililofunguliwa 2009, na barabara mpya ya pwani, iliyoanza kutumika 2024, imeunganishwa nalo. Kwa ajili ya barabara hiyo ilifukiwa bahari ya hekta zaidi ya 100. Wajenzi walikusudia nguzo za daraja la kuunganisha ziachane mita 60. Wavuvi wakasema kwamba chombo kinachorudi katika mawimbi na upepo hakiendi mstari mnyofu kama gari, nacho kitapigwa kwenye nguzo. Walizuia kazi kwa mashua zao. Baada ya mabishano ya miaka, wakuu wa mji wakakubali kupanua nafasi moja iwe mita 120. Wavuvi walikuwa wameomba zaidi. Nalisimama kwenye magofu ya ngome ndogo ya Worli nikaitazama nafasi hiyo. Mashua moja ilikuwa ikipita, na kutoka juu ilionekana pana sana. Bhai akasema, "Leo bahari imelala. Njoo Julai."

Nikamwuliza Aai, kwa ulimi wa mwanawe, je, bahari haidai nchi iliyochukuliwa? Akanieleza habari za tarehe 26 Julai 2005. Siku ile katika saa 24 kilipimwa Santacruz kina cha mvua milimita 944, karibu sawa na mvua ya Mombasa ya mwaka mzima. Mvua ikakutana na maji kujaa. Mji uliojengwa penye madimbwi hutoa maji yake kwa mifereji inayomwagia baharini. Bahari ikiwa juu kuliko mfereji, maji hayatoki, na pengine hurudi. Mto Mithi ulikuwa umebanwa na majengo na taka, na mikoko mingi ambayo ingalipokea maji ilikuwa imekatwa. Mamia ya watu walikufa katika mji. Bhai wakati ule alikuwa mwanafunzi. Alitembea usiku kucha maji yakiwa kifuani, akafika nyumbani asubuhi. Kijijini kwao, penye mwamba wa kisiwa cha asili, maji hayakukaa sana. Yaliyokaa yalikaa katika mitaa ya kufukiwa. Aai alipolisema hilo alinyanyua mabega tu, akaniongezea mchuzi.

Saa tisa Bhai akasimama. Mama akamtia mkononi furushi la bombil wakavu limefungwa kwa gazeti na kamba. Safari hii hapakuwa na mashavu kushikwa; aliingia ndani mara moja akaanza kuosha sahani kwa kelele nyingi. Tulirudi kwa treni ya kusini, ikiwa karibu tupu, huku zile za upande wa pili zikipita na watu milangoni. Kutoka Churchgate tulishika teksi, tukafika gatini saa kumi na dakika ishirini na tano.

Katika meli hairuhusiwi mfanyakazi kupandisha chakula cha nje, kwa ajili ya usafi na ukaguzi wa bandari. Bhai alijua hivyo tangu kijijini, walakini hakumwambia mama yake. Alilifungua furushi, akatafuna samaki mmoja, akanipa mmoja, lililobaki akampa mzee dereva wa teksi, ambaye alilinusa na kucheka kwa furaha. Kisha tukapanda ngazi. Saa nne usiku nalishuka jikoni kumsalimu Mjomba, nikamwona Bhai nyuma yake, kanzu nyeupe, mikono imezama katika unga wa mikate ya kesho yake.